Msitu, mvua na mto: yanayoaminiwa na yaliyopimwa

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga nchini Kenya, walianza kupima mvua na mtiririko wa vijito katika vidakio vya Kericho, Kimakia na Mbeya. Kidakio ni eneo lote ambalo mvua yake, ile isiyorudi angani, huishia katika mto mmoja. Swali lililowapeleka huko lilikuwa la kiserikali zaidi kuliko la kisayansi: je, sehemu ya msitu wa Mau ingeweza kupandwa chai, na mianzi ya milima ya Aberdare kupisha misonobari, bila mito kuharibika? Vipimo viliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na hadi leo vinakanusha mambo kadhaa yanayosemwa kwa uhakika mno.

"Miti huongeza maji ya mto, ikikatwa, mto hukauka"

Dhana hii ni ngumu kung'oa kwa sababu ina chembe ya ukweli. Lakini mti nao hunywa. Sehemu ya mvua hunaswa na majani na kuvukizwa kabla ya kugusa ardhi, na sehemu nyingine hufyonzwa na mizizi kisha hutoka kwenye majani ikiwa mvuke. Kericho, ambako mvua ilikuwa takriban milimita 2,100 kwa mwaka, zaidi ya nusu yake ilirudi angani kutoka katika kidakio cha msitu.

Matokeo ya Mbeya ndiyo yaliyowashangaza wengi. Huko kulikuwa na vidakio viwili vidogo vilivyo jirani, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500: kimoja kilifunikwa na msitu wa asili, na kingine kililimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Kijito cha mashambani kilitoa maji mengi zaidi kwa mwaka, na wakati wa kiangazi mtiririko wake ulikuwa karibu maradufu ya ule wa msituni. Siri ilikuwa katika udongo, ambao umetokana na majivu ya volkano na una vinyweleo vingi, kiasi kwamba mvua iliendelea kuzama hata baada ya ardhi kulimwa. Maji ambayo miti ingeyatumia yalibaki ardhini, yakatoka polepole kijitoni miezi ya ukame.

Usichukue hayo na kuyahamishia kila mahali. Ardhi ikishindiliwa na kwato za mifugo au ikiwa ya mfinyanzi mzito, mvua hukimbia juu juu, mafuriko hupanda, na akiba ya kiangazi hupungua kwa sababu hakuna kilichozama. Hapo ndipo kauli ya mto kukauka hupata nguvu, ingawa chanzo chake ni udongo ulioharibika kuliko kutoweka kwa miti yenyewe. Kwa hiyo, mtu anayeahidi kwamba miche elfu kadhaa itarudisha chemchemi anapaswa kwanza kuulizwa ni udongo gani, ni miti ya aina gani, na ardhi hiyo ilikuwa na nini hapo kabla. Wala vipimo vya Mbeya si ruhusa ya kufyeka, maana msitu hushikilia udongo wa miteremko na kuuzuia usiishie mtoni.

Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi ilipoondolewa mtiririko uliongezeka, na wakulima wakapanda mboga kati ya miche ya misonobari; misonobari ilipokua na matawi yake kufungana, matumizi ya maji yalirudi karibu na yale ya mianzi. Kericho nayo, chai iliyokomaa ilitumia maji karibu sawa na msitu. Lakini chai hiyo ilipandwa kwa uangalifu mkubwa wa kuhifadhi udongo, jambo ambalo wanaoitaja ili kutetea ufyekaji huwa hawalisemi.

"Miaka miwili au mitatu ya vipimo inatosha"

Mwishoni mwa mwaka 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa mno, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Katika miaka iyo hiyo, sehemu ya kidakio cha Sambret huko Kericho ilikuwa ikifyekwa ili kupandwa chai. Mtu mwenye kipimo cha Sambret peke yake angeapa kwamba ufyekaji ndio uliojaza kijito. Kilichowaokoa watafiti ni kidakio cha Lagan, kilichoachwa na msitu wake na kupimwa sambamba tangu kabla ya ufyekaji, kwa hiyo tofauti kati ya vijito hivyo viwili ingeweza kutenganishwa na tofauti ya mvua kati ya mwaka na mwaka. Asiye na kidakio cha kulinganishia hulazimika kungoja muda mrefu zaidi, na hata akingoja hujibu kwa wasiwasi.

"Kipima mvua kimoja kinawakilisha msitu mzima"

Milimani mvua hubadilika ndani ya kilomita chache, na kipima mvua kilichowekwa chini ya mti hupima matone ya majani. Huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti kwa angalau mara mbili ya urefu wake, au huinuliwa juu ya nguzo hadi usawa wa vilele. Kosa la asilimia 5 kwenye milimita 2,100 ni mita za ujazo 105,000 kwa kila kilomita ya mraba.

"Kusoma kina cha mto ndiko kupima mtiririko"

Kina ni nusu ya kazi. Hugeuzwa kuwa mtiririko kwa kulinganishwa na vipimo vya kasi na upana vilivyochukuliwa maji yakiwa machache na yakiwa mengi, na mafuriko yakichimba sakafu ya mto, ulinganisho huo hurudiwa. Vijito vidogo hujengewa kizingiti chenye mkato wa umbo la V, lakini hata hicho lazima kizolewe mchanga.

"Setilaiti zimechukua nafasi ya vipima mvua"

Setilaiti hukadiria mvua kwa miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, ilhali kila kidakio cha Mbeya kilikuwa cha takriban hekta ishirini au pungufu, na makadirio hayo yenyewe husahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini. Hata kifaa cha kujiandikia kinapoletwa kuchukua nafasi ya cha zamani, viwili hivyo huachwa vikifanya kazi pamoja kwa angalau msimu mmoja kamili wa mvua. Vinginevyo, mruko uliosababishwa na kifaa utasomwa miaka ishirini baadaye kama badiliko la tabianchi.