Kuku anayechechemea: tazama unyayo kwanza, dawa baadaye

Mfugaji anapofika duka la dawa za mifugo na kusema kwamba kuku wake anachechemea, mara nyingi huondoka na pakiti ya dawa ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa kabla mtu yeyote hajamwuliza kama amemgeuza kuku huyo akatazama chini ya unyayo. Hapo ndipo matibabu mengi ya kuku wa nyumbani yanapoharibikia. Kuchechemea si ugonjwa bali ni dalili, na sababu zake zinaweza kuwa mwiba, kipande cha chupa, uzi uliojiviringa kidoleni, jipu la unyayo, mfupa uliovunjika, au ugonjwa wa neva usiohusiana kabisa na unyayo. Hakuna dawa moja inayotibu yote hayo, na baadhi yake hayahitaji dawa yoyote ya kunywesha.

Kuku ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha maumivu mpaka yamzidi. Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja mchana kutwa, analala wakati wenzake wanachakura, au anachelewa kufika kwenye chakula, jua kwamba tatizo si la leo. Mkamate jioni akiwa ameshatulia kichanjani badala ya kumkimbiza uani, maana mbio hizo humwongezea jeraha. Mviringishe kwa kanga kuukuu ukifunika mabawa na kichwa, acha miguu nje, kisha mpakate. Usimbane kifua, kwa kuwa ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupumua kwa kutanua na kurudisha kifua, na kukibana ni kumnyima pumzi. Vilevile, ile desturi ya kumning'iniza kuku kichwa chini kwa kushika miguu haifai kwa kuku yeyote, sembuse mwenye mguu mbovu.

Ukiwa na mwanga wa kutosha, anza na mguu mzima ili ujue hali ya kawaida ya kuku wako, kisha uulinganishe na ule unaouma. Tazama kila kidole hadi kwenye kucha, pekua ngozi iliyo katikati ya vidole, na ubonyeze taratibu mto wa unyayo. Kuku wa mijini wanatuletea tatizo moja ambalo wafugaji wengi hawalitarajii, nalo ni nywele bandia zinazofagiliwa kutoka saluni na nyuzi zinazofumuka kwenye viroba. Kuku anapochakura jalalani, unywele mmoja hujizungusha kwenye kidole, na kadiri anavyotembea ndivyo unavyokaza, hadi unazama ndani ya ngozi iliyovimba na hauonekani tena. Kinachoonekana ni kidole kilichovimba, chenye mfereji mwembamba kwenye shina lake. Lowesha mguu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ngozi ilainike, kisha kata uzi kwa mkasi mdogo wenye ncha butu na uutoe kipande kwa kipande. Kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi, baridi na kikavu, hakitarudi. Mwachie daktari wa mifugo akikate, kwani kuku huishi vizuri hata akipungukiwa kidole.

Jeraha bichi la kukatwa au kuchomwa lioshwe siku hiyohiyo. Chemsha maji nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, subiri yapoe hadi kuwa ya uvuguvugu, kisha tumbukiza mguu humo kwa dakika 10 hadi 15. Toa mwiba au uchafu kwa kibano kilichosafishwa, kausha kwa kitambaa safi, halafu paka dawa ya iodini iliyozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Spiriti huunguza nyama inayoanza kupona, kwa hiyo isitumike ndani ya kidonda. Damu ikitoka, kandamiza kwa shashi safi dakika kadhaa bila kufunuafunua.

Jipu la unyayo ndilo linalotuchukulia muda mwingi zaidi. Huanza na mchubuko mdogo ambao mfugaji hauoni. Bakteria wa jamii ya Staphylococcus, ambao wapo siku zote kwenye ngozi na kwenye uchafu wa banda, hupenya hapo, na baada ya muda mto wa unyayo huvimba, huwa wa moto, na huota kigaga cheusi katikati. Wengi wakiona uvimbe huo huuchoma sindano wakitarajia usaha umwagike, nao haumwagiki. Usaha wa ndege hauwi majimaji kama wa binadamu au ng'ombe, kwa sababu chembechembe nyeupe za damu yake hazina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo hujikusanya kuwa donge gumu la rangi ya manjano lililojishikiza kwenye nyama. Sindano hiyo inachofanya ni kusukuma bakteria ndani zaidi, ambako kuna kano na vifupa vidogo vya vidole.

Uvimbe ukiwa mdogo na kuku bado anakanyaga, mloweke kwa maji ya chumvi kila siku, kausha, paka iodini, weka shashi juu ya kigaga na ufunge bendeji ukiipitisha katikati ya vidole na kuizungusha kwenye muundi. Isikaze: baada ya saa moja rudi uangalie vidole, na vikiwa vimevimba au vimepoa, ifungue. Badilisha bendeji kila siku, na papo hapo ikilowana, kwani bendeji mbichi ni mbaya kuliko kutofunga kabisa. Wakati mwingine kigaga hulainika na kutoka chenyewe pamoja na donge lake. Kisipotoka, usikikate kwa wembe nyumbani. Unyayo una mishipa mingi ya damu, kuku anasikia maumivu kama mnyama mwingine yeyote, na kazi ya kutoa donge hilo inahitaji ganzi na vifaa safi vya daktari. Mpeleke pia ikiwa uvimbe umepanda juu ya kifundo, kuku ameacha kula, au hakanyagi kabisa.

Kuhusu antibayotiki, niseme wazi kwamba kufungua kapsuli zilizobaki baada ya kumtibu mtoto na kuzimwaga kwenye maji ya kuku si matibabu. Kipimo hakijulikani, kuku mgonjwa hunywa maji kidogo kuliko wenzake wazima, na dawa haifiki ipasavyo ndani ya donge gumu la usaha. Zaidi ya hayo, mabaki ya dawa huingia kwenye mayai. Daktari akikuandikia antibayotiki, muulize siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama, na mayai ya kipindi hicho yatupwe, yasiuzwe wala kugawiwa jirani. Nawe vaa glovu unapohudumia kidonda na unawe kwa sabuni, maana bakteria hao hao huweza kuingia kwenye mchubuko wa mkono wako.

Ikiwa muundi una magamba yaliyonyanyuka na kukakamaa, na chini yake kuna ungaunga, huyo ana utitiri wa miguu. Lowesha, sugua kwa mswaki laini, kisha paka mafuta mazito ya kujipaka mara kadhaa kwa wiki ili wadudu wakose hewa, na uwakague kuku wengine wote. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza ngozi, hivyo visitumike.

Unyayo ukiwa safi kabisa na kuku bado hawezi kutembea, acha kufikiria jeraha. Kuku mchanga anayelala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma yawezekana ana mahepe, yaani ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu (Marek's), ambao hauna tiba na kinga yake ni chanjo inayotolewa siku kifaranga anapoanguliwa. Kuku kadhaa wakipooza kwa pamoja, shingo zikapinda na kinyesi kikawa cha kijani, hiyo ni dalili ya kideri (mdondo, au Newcastle); usihamishe wala kuuza kuku, na mwarifu ofisa mifugo wa kata mara moja.

Kuku mwenye kidonda atengwe siku hiyohiyo, kwa kuwa wenzake hudonoa chochote chekundu wakionacho. Tenga kubwa au boksi lenye maranda makavu linatosha, bila kichanja, maji na chakula vikiwa karibu na mdomo wake. Liweke mahali anapowasikia wenzake, kwani kuku aliyetengwa peke yake kabisa hupoteza hamu ya kula. Mpe mchicha au matembele kila siku pamoja na chakula chake cha kawaida, kwa ajili ya vitamini A inayosaidia ngozi.

Wakati yeye anapona, kagua banda. Fito za kulalia ziwe na upana wa takribani sentimita 5 na kingo zilizolainishwa, zisiwe juu sana kwa kuku wazito wanaoruka na kutua kwenye sakafu ya saruji. Maranda yafike kina cha sentimita 5 hadi 10, na yale yaliyolowana kando ya chombo cha maji yatolewe kila siku, kwani ngozi ya unyayo inayokaa kwenye ubichi na mbolea hulainika na kuchubuka kirahisi. Pitisha sumaku au macho yako penye misumari na ncha za waya. Kidonda kikifunga na kuku akikanyaga bila kusita, mrudishe kundini usiku wenzake wakiwa wamelala, kisha asubuhi ukae karibu uone kama wanamdonoa. Wakimwandama, mtenge tena siku chache ndipo ujaribu upya.