Kuro haliwi na simba? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Kuro, swala mkubwa akaaye karibu na mito, ananuka mpaka simba na mamba wanamkwepa.

Ukweli: Kunuka ananuka kweli. Ngozi yake hutoa mafuta yanayolowesha manyoya, na upepo ukivuma kutoka aliko utamjua kabla hujamwona. Lakini simba humla, fisi humla, na mamba hamsazi. Anayeshindwa na harufu ile ni mbung'o. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walitaka kujua kwa nini nzi huyo ni nadra kumnyonya kuro, ilhali wanakaa pori moja. Wakachanganya kemikali za harufu yake, wakazitia kwenye vichupa vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe. Majaribio ya Shimba Hills, Kwale, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo waliosema harufu ya kuro inafukuza kitu hawakukosea. Walikosea tu kumtaja anayefukuzwa: si simba, ni mbung'o.

Dhana: Kuro anaishi majini.

Ukweli: Ni mla nyasi wa nchi kavu, ila kiu yake haimruhusu kwenda mbali na mto. Majini hujitosa akifukuzwa, na huko ndiko mamba anakomsubiri. Wengi humchanganya na nzohe, mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope ya kinamasi. Nzohe si wa ukoo huu. Ndugu zake ni tandala na pongo.

Dhana: Mwenye duara jeupe matakoni ni dume, mwenye baka zima ni jike.

Ukweli: La, ni aina mbili. Wa duara yuko zaidi mashariki ya Bonde la Ufa, wa baka magharibi. Dume utamjua kwa pembe, jike hana.

Dhana: Jamaa zake wote wamefungwa na maji.

Ukweli: La. Jamaa yake mmoja, tohe wa milimani, hulisha kwenye miteremko yenye mawe. Sheshe, jamaa mwingine, ndiye asiyeachana na mabonde ya mito, na bonde la Kilombero nchini Tanzania lilipojaa ng'ombe na mashamba ya mpunga alipungua vibaya.

Dhana: Hakuna kundi la swala linalowazidi nyumbu wa Serengeti.

Ukweli: Sensa ya ndege ya mwaka 2023 nchini Sudan Kusini ilikadiria kobu wa masikio meupe, binamu wa kuro, kuwa takribani milioni 5. Nyumbu wa Serengeti hawafiki hata nusu yao.