Alizeti, kolesteroli na utando wa seli

Ukishika barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia, na dukani chupa zake nyingine zimeandikwa: "Haina kolesteroli." Ni kweli. Lakini hata mafuta ya nazi hayana, ya mawese hayana, ya karanga vilevile, maana kolesteroli, aina ya mafuta ya mwilini, ni ya wanyama. Kwenye mimea ipo kidogo mno, haihesabiki. Kero yangu na maandishi hayo ni kwamba yamewaaminisha watu kuwa kolesteroli ni sumu. Ingekuwa sumu tungeshakwisha wote, kwani kila seli ya mwili wako imeivaa.

Seli hufunikwa na utando wenye unene wa nanomita 5 hadi 10. Igawe milimita moja mara milioni, uchukue vipande vitano hadi kumi. Utando huo umejengwa hasa kwa fosfolipidi, molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia. Kwa kuwa ndani ya seli kuna maji na nje kuna maji, fosfolipidi hujipanga zenyewe safu mbili, vichwa vikielekea majini, mikia ikijificha katikati. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa lipidi, yaani molekuli za mafuta, za chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta zinafunika eneo mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Baadaye ilibainika kuwa lipidi hazikutoka zote, na eneo la chembe nalo walilipunja. Makosa mawili yakafutana, jibu likabaki sahihi. Sayansi nayo ina bahati zake.

Utando haujakakamaa. Molekuli zake huteleza muda wote, na wepesi huo hutegemea mikia. Asubuhi ya baridi ya Julai hapa Dodoma, mafuta ya ng'ombe huganda kwenye kikaango huku ya alizeti yakimiminika kama kawaida. Mafuta ya kula nayo yana mikia kama hiyo. Mingi ya mafuta ya ng'ombe imenyooka, hivyo hubanana. Ya alizeti ya kawaida, ambayo mingi ni asidi ya linoleiki, ina mikunjo na haibanani. Asidi hiyo mwili hauwezi kuitengeneza. Lazima uile, na sehemu yake huishia kwenye utando. Kolesteroli hukaa katikati ya mikia: joto likizidi huizuia isilegee mno, baridi ikiingia huizuia isigande. Kwenye chembe nyekundu za damu idadi yake inakaribia ile ya fosfolipidi. Hata asiyeonja nyama anayo, maana mwili huitengeneza wenyewe.

Basi ugonjwa wa moyo unaohusishwa na kolesteroli unatoka wapi? Tazama milango ya utando. Katikati ya lipidi zimezama protini, na mojawapo hunasa LDL, kifurushi kinachobeba kolesteroli kwenye damu, na kuiingiza ndani ya seli. Brown na Goldstein wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Mtu akizaliwa na kasoro kwenye protini hiyo, LDL hurundikana katika damu na kupenya kuta za mishipa. Wengine hupata shambulio la moyo wangali vijana. Mafuta yenye mikia iliyonyooka, ndiyo yaitwayo mafuta yaliyoshiba, hudhoofisha kazi ya milango hiyo kwenye ini. Sifa halisi ya alizeti iko hapo, kwenye mikia yake iliyokunjika. Mafuta ya nazi yameshiba kwa zaidi ya asilimia 80, mawese karibu nusu, alizeti takriban asilimia 11.

Kwa hiyo ukiwa dukani geuza chupa, usome kiasi cha mafuta yaliyoshiba. Na kama baba au kaka yako alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, usitegemee chupa: nenda ukapimwe lipidi za damu.