Mabadiliko ya konsonanti katika lugha ya kubuni ya Kigermanik

Anayebuni lugha ya Kigermanik, yaani ndugu wa kubuni wa Kijerumani au Kiholanzi, hatungi maneno moja moja. Huchukua maneno ya Kigermanik cha kale yaliyokisiwa na wanaisimu, kisha huyapitisha yote kwenye kanuni za sauti. Kila kanuni husema mambo matatu: sauti gani inabadilika, inakuwa nini, na katika mazingira gani. Hata Kiswahili kinazo: k ya "pika" hugeuka sh katika "mpishi" kwa sababu ya irabu i inayofuata.

Kanuni ya Grimm, badiliko la kale lililogeuza p, t, k kuwa f, th, h (mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliieleza mwaka 1822), imeshafanya kazi ndani ya maneno hayo unayoanzia, usiirudie. Ndiyo iliyotenganisha "tres" ya Kilatini na "three" ya Kiingereza. Baada ya s haikugusa kitu: "stare" (kusimama) ya Kilatini, "stand" ya Kiingereza.

Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Tuseme umeweka kanuni mbili, zinazofuata kwa karibu njia ya Kijerumani: (1) t baada ya irabu inakuwa s, (2) d inakuwa t. Chukua "watar" (maji) na "fader" (baba). Ukianza na ya kwanza, utapata "wasar" na "fater". Linganisha na "Wasser" na "Vater" za Kijerumani. Ukianza na ya pili, "fader" inakuwa "fater", halafu kanuni ya kwanza inaidaka na kuifanya "faser". Hapo t na d za baada ya irabu zimeungana kuwa s, na maneno yaliyokuwa tofauti yanaanza kufanana. Si kosa ikiwa umekusudia. Kwa kawaida huwa hujakusudia. Kwa hiyo zipe kanuni namba, na kila unapoongeza mpya jaribu tena maneno yaleyale, yakiwemo yenye st na nd.

Maneno ya mkopo nayo yanahitaji tarehe. Neno "palatium" (kasri) la Kilatini liliingia Kijerumani mara mbili. Lililoingia mapema lilikumbwa na badiliko la p kuwa pf, likawa "Pfalz". Lililoingia baadaye, kupitia Kifaransa, likabaki na p yake, "Palast". Kwa hiyo kila mkopo uweke kati ya namba mbili za kanuni zako, kisha upitishe kwenye zile zinazofuata tu.