Mafunzo Endelevu ya Kitaaluma Yaanze Kabla ya Mahafali

Katika ofisi yetu ya ushauri wa kazi chuoni hapa Nairobi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huyasifu mafunzo endelevu ya kitaaluma, yaani kuendelea kujifunza taaluma yako hata baada ya masomo ya chuo, ila wengi huyaona kuwa shughuli ya watu waliokwisha kuajiriwa. Wengine huyapima kwa vyeti: semina ya siku moja yenye cheti hujaa pomoni, ilhali mhadhara wa jioni usio na cheti huhudhuriwa na wachache. Siwalaumu, kwa sababu ajira ni adimu na waajiri wenyewe huulizia vyeti kwanza. Lakini thamani ya mafunzo haya iko kwingine.

Chukua mfano wa uhasibu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba bidhaa za petroli hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8 alikuta kiwango hicho kimepanda hadi asilimia 16 kutokana na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mwalimu wake hakumdanganya. Sheria ndiyo iliyobadilika, na sheria za fedha hufanyiwa marekebisho takriban kila mwaka. Ndiyo maana taasisi ya wahasibu, ICPAK, huwataka wanachama wake watimize saa 40 za mafunzo kwa mwaka, naye wakili hutakiwa kupata pointi 5 za mafunzo hayo kila mwaka ili aendelee kupewa cheti cha kumruhusu kufanya kazi ya uwakili. Mhandisi naye, baada ya shahada, husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu na kufanya kazi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi wa kitaaluma.

Masharti hayo ni ya lazima, na naamini ni ya haki kwa mwananchi anayehudumiwa. Hata hivyo, sharti haliwezi kumpa mtu hamu ya kujifunza. Anayezoea kuwinda vyeti akiwa chuoni ataketi semina za taaluma yake akingoja pointi tu, kisha arudi ofisini na makosa yale yale.

Mahali pazuri pa kujenga desturi tofauti ni katika mafunzo ya nyanjani, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti. Kila mmoja hupewa daftari la kuandika kazi za kila siku, nasi tunaokwenda kuwakagua tumeona mara nyingi madaftari yaliyojazwa majuma kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwa wino mmoja, usiku wa kuamkia ziara yetu. Hilo hunihuzunisha, kwa kuwa mwanafunzi huyo amepoteza kumbukumbu ambayo hakuna mhadhiri awezaye kumrudishia. Ukurasa mmoja kila Ijumaa unatosha, mradi uandikwe kwa ukweli: kazi niliyopewa, mahali nilipokwama, niliyemuuliza na alivyonijibu, na jambo ninalopaswa kulisoma kabla ya Jumatatu.