“Mor” si neno moja, jamani

Safari hii ilikuwa Inis Mór, kisiwa cha magharibi mwa Ayalandi. Mwanafunzi kakitafsiri “Kisiwa cha Bahari”. Kumwuliza, kajibu kama wote waliomtangulia: “Mwalimu, si kwa Kibretoni mor ni bahari?” Ni bahari, ndiyo, kwa lugha hiyo ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Morbihan, ule mkoa wa Ufaransa, maana yake ni bahari ndogo. Lakini kwa Kiayalandi mór ni “kubwa”. Kisiwa Kikubwa, basi.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba maneno yakifanana sura ni ndugu. Mtu aliyekua na kaa la moto, kaa wa pwani na kaa kitako angekuwa wa mwisho kulaghaika! Ukitaka udugu, waulize wazee wa neno. Ndugu halisi wa mór kwa Kiwelisi, lugha ya Wales, ni mawr. Kiayalandi cha kale kilikuwa na már pia, na aw ya Kiwelisi hukutana na á ya Kiayalandi hata katika brawd na bráthair, yaani kaka. Wagalia, Wakelti wa kale wa Ufaransa ya leo, nao walikuwa na maros, “kubwa”, lile lililo mwishoni mwa jina la Indutiomarus, chifu aliyepigana na Julius Caesar. Mor la Kibretoni ni ukoo mwingine kabisa: môr la Kiwelisi, muir la Kiayalandi, hadi mare la Kilatini. Mimi huwaagiza waandike umbo la kale pembeni kabla ya kufungua mdomo.

Hapo huinuka mjuaji wa Kiromania. Mare ni bahari na pia ni “kubwa”, huo si ushahidi? Sio. Bahari imetoka kwenye mare la Kilatini. “Kubwa” wengi wa wanaetimolojia, wachunguzi wa asili ya maneno, huirudisha kwenye marem la Kilatini hichohicho, yaani dume. Wamekutana njiani tu.

Eti mor la Kikatalani nalo ni bahari? Ni “anakufa”. Kwa Kiromania, mor ni “ninakufa”, na hao wawili kweli ni ndugu.

Eti Kikelti, yaani ukoo wa Kibretoni, Kiwelisi na Kiayalandi, hakina nasaba na Kilatini? Vinayo, vyote ni vya familia ya Kihindi-Kiulaya.

Na eti alama juu ya herufi ni pambo. Mor las â'r môr, husema Wawelisi: buluu kama bahari. Mor la kwanza, lisilo na alama, ndilo linalolinganisha. Alama yenyewe wanaiita to bach, paa dogo. Ukiliezua, bahari imekwenda.