Yanayosemwa kuhusu nafaka na bakteria wa tumboni

"Nafaka ni wanga tu, na wanga wote ni uleule."
Si kweli, na mashine ya kukoboa ndiyo shahidi. Punje ya mahindi ina ganda, kiini na sehemu ya ndani yenye wanga. Ukikoboa, ganda na kiini vinakuwa pumba za kuku na ng'ombe; wewe unabaki na sembe, ambayo karibu yote ni wanga. Dona haikobolewi, kwa hiyo nyuzinyuzi zinabaki humo. Nyuzinyuzi hizo hatuwezi kuzimeng'enya. Zinafika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huchachusha sehemu yake na kutoa asidi kama butirati, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

"Bakteria wa tumboni ukishakua hawabadiliki."
Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kubadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walikula kama vijijini Afrika Kusini, nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na Waafrika Kusini 20 wakala Kimarekani. Wiki mbili zilitosha. Butirati iliongezeka kwa Wamarekani na kupungua kwa wenzao. Tusiipe nafaka sifa zote, maana kunde nazo zilikuwamo.

"Ulezi haupandishi sukari, kunywa uji utakavyo."
Hapa wenye kisukari wanadanganyika sana. Unga uliosagwa laini, ukapikwa uji mwepesi, humeng'enywa haraka hata kama rangi yake ni ya udongo. Ukitia sukari vijiko vitatu, ulezi utakutetea kwa lipi? Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage huachia sukari polepole zaidi.

"Uji wa kuchachua unaingiza bakteria hai."
Ukishachemka, wengi wamekufa. Faida yake ni nyingine: kuchachua hupunguza fitati, kitu cha kwenye nafaka kinachoshika madini, na mwili hupata madini ya chuma na zinki kwa urahisi zaidi.

"Ngano inaharibu tumbo la kila mtu."
Ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni (protini ya ngano) huufanya mwili ushambulie utumbo wake, upo, lakini huwapata takriban mtu mmoja kati ya 100.

"Dona ikijaza gesi, basi haikufai."
Gesi ni zao la uchachushaji uleule. Ongeza dona kidogo kidogo, na maji ya kutosha.

"Dona ni salama kuliko sembe siku zote."
Wanaoisifia dona huliruka hili. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo dona isagwe kwa mahindi yaliyokauka vizuri na kuchambuliwa, punje zenye ukungu au zilizovunjika zikatupwa kabla ya kwenda mashineni, wala kuku wasipewe.